Mechi ya Nafasi ya Tatu

Leo nimekuja na dai moja, na dakika zangu zote nitazitumia kulitetea. Mechi ya kukumbukwa kuliko zote katika mpira wa magongo haikuwa fainali, wala haikumpa mtu ubingwa. Ilichezwa Barcelona, Uhispania, Oktoba 1971, kumtafuta mshindi wa tatu wa Kombe la Dunia la kwanza la mchezo huu. Waliokutana ni India na Kenya.

Najua kuna mtu ameshaguna huko aliko. Mashabiki wa magongo ni wachache kuliko wa kandanda, lakini kwa ubishi hawashindwi na mtu. Nenda City Park, Nairobi, siku ya mechi za ligi, ukae jukwaani karibu na wazee. Mechi iliyo mbele yao itakwisha, wachezaji watabeba mikoba waondoke, na wao bado watakuwa wanacheza fainali za miaka hamsini na sitini iliyopita. Huyu anasema Wembley. Yule anasema Kuala Lumpur. Kijana wa chuo aliyekaa ngazi ya chini anageuka kuwaambia kwamba hakuna mechi iliyoifikia ile ya Rio. Kila mmoja ana lake, na kila mmoja ana sababu. Haki ni kuwasikiliza kwanza, kisha nami nisikilizwe.

Wanaoanzia mbali kabisa huanzia Berlin, tarehe 15 Agosti 1936. India iliichapa Ujerumani mabao 8 kwa 1 mbele ya Wajerumani wenyewe, na lile bao moja ndilo pekee India ilifungwa katika michezo yote ya Olimpiki ya mwaka ule. Nahodha alikuwa Dhyan Chand. Jina hilo halihitaji utambulisho kwa shabiki wa magongo, ila kwa wewe mgeni niseme tu kwamba huyu ndiye aliyewafanya watu waamini kuwa mpira umegandishwa kwenye gongo. Na kwetu hakuishia kuwa jina la gazetini. Msimu wa 1947 kuingia 1948, timu ya India ilikuja kuzunguka Afrika Mashariki, na waandalizi walisisitiza kwamba Dhyan Chand lazima awemo. Alikuwa ameshapita miaka 40. Akafunga mabao 61 katika mechi 22. Kwa hiyo mzee wa Nairobi akikuambia kwamba baba yake alimwona Dhyan Chand kwa macho yake, usimbishie haraka.

Kisha kuna Wembley, tarehe 12 Agosti 1948. India imepata uhuru, haijatimiza mwaka mmoja. Inakutana na Uingereza kwenye fainali ya Olimpiki, London, katika uwanja mkubwa wa Waingereza wenyewe, na inashinda mabao 4 kwa 0. Balbir Singh anafunga mawili. Wanaoitaja mechi hii huwa hawazungumzii ufundi sana. Wanazungumzia bendera ikipanda. Nakiri kwamba hoja yao ni nzito, na inakaribia kunipokonya dai langu.

Kuala Lumpur, Machi 1975, ni ubishi wa ndugu wawili. India na Pakistan, fainali ya Kombe la Dunia. Pakistan inatangulia, Surjit Singh anasawazisha kwa kona ya penalti, halafu Ashok Kumar, mtoto wa Dhyan Chand, anapiga mpira unaogonga pembe ya goli na kurudi uwanjani. Mwamuzi anasema ni bao. Wapakistani wanasema hadi leo kwamba mpira haukuingia. Ikaisha 2 kwa 1. Ni mechi tamu, na kisa cha mtoto kufunga bao la ubingwa ambalo baba yake hakupata nafasi ya kulifunga, kwa kuwa enzi zake Kombe la Dunia halikuwapo, kinagusa moyo. Lakini Pakistan ilikuwa imelichukua kombe hilo mwaka 1971, na ikalichukua tena 1978, 1982 na 1994. Aliyeumia siku ile alipata dawa yake baadaye.

Na ile ya Rio 2016, fainali ya wanawake? Uingereza na Uholanzi, mabao 3 kwa 3, wakaingia kwenye mikwaju ya kumalizia, yaani mchezaji anakimbia na mpira peke yake kumkabili kipa ndani ya sekunde nane. Kipa Maddie Hinch akawazuia Waholanzi wote wanne. Hollie Webb akafunga la dhahabu. Kijana wangu wa chuo, mechi hiyo niliipenda kama ulivyoipenda wewe. Ila ubora wa mechi ni kitu kimoja na kukumbukwa ni kitu kingine. Mimi kipimo changu ni hiki: baada ya kipenga cha mwisho, ni kitu gani ambacho hakikuwezekana tena?

Kwa kipimo hicho, twende na Kenya tangu mwanzo.

Wakati wa ukoloni, magongo Kenya ulikuwa mchezo wa vilabu, na vilabu vilikuwa vya jumuiya. Wagoa na chao, Wasikh na chao, Waislamu wa Kiasia na chao, Wazungu na chao. Mwafrika kwa sehemu kubwa alibaki nje ya uzio. Hilo lisemwe wazi, kwa sababu kuna watu wanaisimulia enzi ile kana kwamba ilikuwa bustani ya amani. Haikuwa. Lakini ndani ya vilabu hivyo vilivyotengana, hasa vya Wagoa na Wasikh, ushindani ulikuwa mkali wiki hadi wiki. Vijana walikulia kwenye viwanja vya nyasi na vya changarawe ambako mpira haukuahidi kwenda ulikoelekezwa. Ukiweza kuudhibiti mpira pale, utaudhibiti popote. Kenya ilipotuma timu Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, ilipeleka watu waliokwisha kupikwa.

Roma 1960 ndiyo mechi yangu ya pili katika orodha, na nitakaa nayo kidogo. Robo fainali ilikuwa Kenya dhidi ya Uingereza. Hebu ipime hali yenyewe, msikilizaji. Hali ya hatari iliyotangazwa wakati wa vita vya Mau Mau ilikuwa imeondolewa Januari mwaka huo huo. Viongozi wa Kenya walikuwa wametoka Lancaster House kuzungumzia katiba mpya. Na sasa, mwezi Septemba, koloni linakutana na mtawala wake uwanjani, watu kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, bila gavana. Dakika za kawaida zikaisha wakiwa 1 kwa 1. Wakaongeza muda. Hakuna bao. Wakaongeza tena, na tena. Mikwaju ya kumalizia haikuwapo zama zile, mlicheza hadi mmoja afunge. Mechi ikapita saa mbili za mchezo kabla Uingereza haijapata bao la pili na kupona. Katika kikosi kile cha Kenya alikuwamo kijana wa miaka 22, beki anayeitwa Avtar Singh Sohal, akiwa kwenye Olimpiki yake ya kwanza. Angecheza nyingine tatu, na angeivaa jezi ya Kenya mara 167.

Mbona basi Roma si ya kwanza kwenye orodha yangu? Kwa sababu Roma ilifungua njia. Miaka minne baadaye Tokyo, Kenya ikiwa na bendera yake ambayo haijatimiza hata mwaka, ilimaliza ya 6. Ilikuwa nchi inayopanda.

Na ndipo tunafika 1971.

Kombe lile lilikuwa lifanyike Pakistan. Lakini mwaka ule kulikuwa na vita Pakistan ya Mashariki, nchi tunayoiita Bangladesh sasa, na uhasama na India ulikuwa umefika mahali ambapo kuipeleka timu ya India huko lisingekuwa jambo la michezo tena. Mashindano yakahamishiwa Barcelona. Nchi kumi zikaenda. Kutoka Afrika nzima ilikwenda moja, Kenya, na nahodha wake Avtar Singh Sohal.

Kundi la Kenya lilikuwa na India, Ujerumani Magharibi, Ufaransa na Argentina. Timu mbili za juu ndizo zingeingia nusu fainali, na yeyote aliyefuata magongo wakati ule angekuambia India na Wajerumani. Ikawa India na Kenya. Ujerumani Magharibi ikaenda kugombania nafasi ya tano. Wajerumani hawa, msikilizaji, ndio waliochukua dhahabu ya Olimpiki mwaka uliofuata, Munich, kwa kuifunga Pakistan kwenye fainali. Bingwa wa Olimpiki wa kesho alikuwa nyuma ya Kenya leo. Sijui kwa nini hilo halimo katika vitabu vya watoto wetu vya shule.

Nusu fainali, Kenya ikapangwa na Uhispania, wenyeji, kwao, mbele ya watu wao. Bao 1 kwa 0, wakapita Wahispania. Bao moja tu lilikuwa kati ya Kenya na fainali ya dunia.

Ikabaki mechi ya nafasi ya tatu. Kwa kawaida mechi hii huchezwa na watu waliochoka moyo. Timu imetoka kuumia, inataka nyumbani. Hapa haikuwa hivyo, na sababu ni rahisi kuielewa. India ilikuwa imeondolewa na Pakistan kwenye nusu fainali, na kurudi Delhi bila hata shaba lingekuwa jambo lisilosameheka kwa nchi iliyowahi kuchukua dhahabu sita za Olimpiki mfululizo. Kenya kwa upande wake ilikuwa inatazama medali ambayo hakuna Mwafrika aliyewahi kuigusa.

Na tazama nani anamkabili nani. Wasikh na Wagoa wa Kenya, ambao wazazi au mababu zao walivuka Bahari ya Hindi, wanasimama kuiwakilisha Kenya dhidi ya India. Kila mara nikisikia mtu akiuliza kama Waasia wa Kenya ni Wakenya kweli, mimi huwaza mechi hii. Kipenga kilipolia walijua wanachezea wapi.

Dakika 70 zikaisha sare. Muda wa nyongeza ukaingia. Magongo ya enzi ile hayakuwa haya mepesi ya leo. Yalikuwa ya mbao. Kipa hakuvaa kinga usoni. Kwenye kona ya penalti mpira ulisimamishwa kwa mkono, halafu mpigaji anashusha gongo kwa nguvu zake zote, na walinzi wanatoka golini kuukimbilia mpira huo wakiwa na magongo yao tu. Hivyo ndivyo medali ya dunia ilivyogombaniwa. India ikashinda, 2 kwa 1.

Kenya ikawa ya 4 duniani. Na hapo ndipo kipimo changu kinapofanya kazi, kwa sababu tangu siku ile mpaka leo ninapozungumza, hakuna timu ya wanaume ya Afrika iliyofika tena nusu fainali ya Kombe la Dunia. Si Kenya, si Afrika Kusini, si Misri. Miaka miwili tu baadaye, Amstelveen, Uholanzi, Kenya ilimaliza ya 12 kati ya timu 12, na haijarudi tena kwenye Kombe la Dunia la wanaume.

Kulitokea nini? Watu wanapenda kutoa jibu moja, na jibu moja halitoshi.

Kwanza, watu waliondoka. Mwisho wa miaka ya sitini, sheria za vibali vya kazi na leseni za biashara ziliwabana Waasia wengi wasiokuwa raia, na familia zikaanza kufungasha kwenda Uingereza na Kanada. Familia ikiondoka, anaondoka na yule kijana wa miaka kumi na minne ambaye angekuwa beki wa timu ya taifa. Kwa jirani zetu Uganda ilikuwa kali zaidi. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 wawe wameondoka. Mwezi huo huo timu ya magongo ya Uganda, ambayo wengi wake walikuwa Waasia, ilikwenda Olimpiki ya Munich. Walivaa jezi ya nchi iliyokuwa inawafukuza. Uganda haijapeleka tena timu ya magongo Olimpiki.

Pili ni Montreal 1976. Nchi za Afrika ziligoma kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi. Kenya iligoma, na ilifanya haki kugoma. Hilo mimi sitalijutia kwa niaba ya mtu yeyote. Lakini shabiki wa magongo ana uchungu wake wa ziada. Dhahabu ya magongo Montreal ilichukuliwa na New Zealand wenyewe.

Tatu, na hapa ndipo pa kuumiza kuliko kote, Montreal ilikuwa Olimpiki ya kwanza kuchezewa magongo kwenye nyasi bandia. Mchezo ukabadilika miguuni mwa watu. Kwenye nyasi ya kawaida mpira unaruka, unapinda, na mwenye mikono laini anapata thamani yake. Kwenye nyasi bandia iliyomwagiwa maji mpira unateleza sawa kama kwenye kioo, na anayeshinda ni mwenye mbio, kifua na mazoezi ya kila siku kwenye uwanja wa namna hiyo hiyo. Uwanja mmoja ni ghali. Nchi tajiri zilijenga makumi, na nchi zetu zikasubiri. Nairobi ilipata wake City Park kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987. Kati ya Montreal na City Park ni miaka kumi na mmoja. Mchezaji aliyekuwa na miaka ishirini alikuwa ameshazeeka.

Na bado, mwaka uliofuata, 1988, Kenya ilikuwa Seoul, Olimpiki, majina kama Alubaha na Akatsa yakiwa katika kikosi kimoja na majina kama Panesar na Sehmi. Ule uzio wa vilabu vya zamani ulikuwa umevunjwa. Ilichelewa tu.

Sasa nisikilize wanaonipinga kutoka kusini, maana najua wanakuja na Moscow 1980, na wana haki ya kuja nayo. Zimbabwe ilikuwa na umri wa miezi mitatu. Olimpiki ilikuwa inaingiza magongo ya wanawake kwa mara ya kwanza, timu nyingi zikasusia kwa sababu Umoja wa Kisovieti ulikuwa umeivamia Afghanistan, na Zimbabwe ikaalikwa wiki chache kabla. Kikosi kikakusanywa mbiombio, nahodha Ann Grant, wachezaji ambao hawakuwa na uzoefu wa nyasi bandia. Mechi tano hawakupoteza hata moja. Ya mwisho waliifunga Austria 4 kwa 1, wakawa mabingwa wa kwanza wa Olimpiki katika magongo ya wanawake, na hiyo ndiyo medali ya kwanza ya Zimbabwe. Wote walikuwa Wazungu, katika nchi iliyotoka vitani juu ya suala hilo hilo la Wazungu, na hilo lina ugumu wake. Lakini walicheza chini ya bendera mpya. Naiweka ya tatu. Ingekuwa juu zaidi kama Uholanzi, Ujerumani Magharibi na Australia wangekuwapo.

Moscow hiyo hiyo kulikuwa na wanaume wa Tanzania. Walifungwa na India mabao 18 kwa 0, na kuna watu huitaja tarakimu hiyo wakicheka. Mimi siicheki. Timu zilikuwa sita tu, India ndiyo iliyochukua dhahabu, na Tanzania ilikuwa inakanyaga Olimpiki ya magongo kwa mara ya kwanza. Walifungwa mechi zote tano za mzunguko wa kwanza, lakini humo walitikisa nyavu mara tatu, na mara mbili kati ya hizo ilikuwa dhidi ya Umoja wa Kisovieti, wenyeji, waliomaliza na shaba. Kuna Mtanzania aliyefunga bao mbele ya umati wa Moscow dhidi ya timu ya tatu ya Olimpiki. Mtu huyo anastahili kusalimiwa kwa heshima barabarani.

Kuna swali moja mashabiki hunirushia kila ninapoisema Barcelona, na ni la haki. Wanasema, bwana, mechi mliyopoteza mnaisherehekeaje? Sisherehekei. Mimi nasema ikumbukwe, na kukumbuka hakuhitaji kombe. Siku kumi zile Kenya ilimwacha nyuma bingwa wa Olimpiki wa 1972. Ikapoteza kwa bao moja kwa wenyeji waliofika fainali. Kisha ikamlazimisha muda wa nyongeza yule ambaye, baada ya miaka minne isiyotimia, angekuwa bingwa wa dunia kule Kuala Lumpur. Niletee timu nyingine ya nchi isiyotimiza miaka minane ya uhuru iliyowahi kufanya hivyo katika mashindano mamoja, nami nitakaa chini.

Simu ziko wazi. Ningependa waanze wale waliokuwa na umri wa kusikiliza redio Oktoba ile ya 1971. Vijana wa Rio watafuata, na nitawapa muda wao wote.